Ripoti yako ya TP53: soma namba kabla ya kushtuka

Mteja wa maabara yetu hufungua ripoti ya kipimo cha jeni, akaona "p.Pro72Arg", usingizi ukapaa. Tulia. Herufi za mwanzo ni asidi amino iliyotarajiwa, namba ni nafasi yake, na za mwisho ni iliyokutwa: hapo prolini imekuwa arginini. Jeni ya TP53, inayokinga dhidi ya saratani, hutengeneza p53, protini ya asidi amino 393 inayoshika DNA na kuamuru jeni zipi zisomwe seli ikidhurika. Nafasi ya 72 haimo katika sehemu inayoshika DNA, na aina zote mbili ni za kawaida kwa watu wazima wenye afya. Huo si ugonjwa.

Sehemu inayoshika DNA, yenye shughuli, iko kati ya nafasi ya 102 na 292. Arginini za 248 na 273 zinagusa DNA yenyewe. Ya 175 hushikilia umbo la protini karibu na zinki. Ikibadilika mojawapo, p53 hushindwa kazi.

Halafu kuna nafasi ya 249, inayoulizwa sana na wanaohofia unga wa mahindi na njugu zenye kuvu. Aflatoksini, sumu ya kuvu hiyo, hugeuza herufi za DNA AGG kuwa AGT, arginini ikawa serini, hatari zaidi kwa mwenye homa ya ini ya B. Lakini badiliko hilo huzuka ndani ya ini, halirithiwi. Usitulipe tupime mate kulitafuta. Hutafutwa kwenye kipande cha uvimbe.

Kwa vipimo vya kurithi tunachukua damu mililita 3 hadi 4, tyubu ya kifuniko cha zambarau, tukaigeuza taratibu mara nane au zaidi isigande. Ya kifuniko cha kijani tunaikataa: heparini, dawa iliyomo ya kuzuia damu kuganda, huzuia DNA kunakiliwa kwenye mashine. Na joto hili la Mombasa, usiiache tyubu ya damu kwenye gari; iweke friji, si friza. Anayetoa mate badala ya damu akae nusu saa bila chakula, sigara, muguka wala tambuu.

Tazama pia asilimia. Badiliko la kurithi kutoka kwa mzazi mmoja huonekana katika karibu nusu ya nakala zilizosomwa. Likiwa asilimia 10 au 15 tu, hasa kwa mzee, huenda limezuka kwenye seli za damu pekee, na ngozi ndiyo ipimwe kuthibitisha kabla ya kuwaita watoto wapimwe.