Malalamiko: Mmetuharibia nakala zetu za bekapu, na mlikuwa mmeambiwa msimamishe

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Tawi la Luthuli Avenue,
Nairobi.

KUH: DISKI PACHA ZA SEVA YA BEKAPU

Kwa Meneja,

Nawaandikia kwa heshima, ingawa kwenye kaunta yenu heshima hiyo sikuiona. Masharti ya waranti mnayajua kwa kuwa ni yenu, kwa hivyo siyarudii.

Tulileta seva yetu ya bekapu ili diski moja ibadilishwe. Fundi wenu aliivunja jozi ya diski, yaani diski mbili zinazobeba data ile ile, akaiunda upya kwa mkono. Aliiweka diski mpya, ambayo ni tupu, kuwa chanzo, na diski yenye data yetu kuwa ya kupokea, yaani utupu ukanakiliwa juu ya data. Nilimwonyesha namba ya seriali kwenye skrini na ile iliyo kwenye kibandiko cha diski. Nikamwambia, "Kaka, simamisha, umegeuza." Msimamizi wake akadakia mbele ya wateja wote: "Kaa kwenye kiti. Fundi ni yeye, si wewe." Kazi ikaachwa iendelee hadi asilimia 3.

Asilimia 3 ya diski ya terabaiti 8 ni gigabaiti 240. Tena ni zile za mwanzo wa diski, ambako mfumo wa faili huweka majedwali yake makuu, yanayoonyesha kila faili iko wapi. Na kwa kuwa volyumu yetu, yaani hifadhi yote ambayo seva inaiona kama diski moja, imetandazwa juu ya jozi mbili, jozi moja ikiharibika volyumu yote imekwenda, hata jozi ya pili iwe nzima kabisa.

Hakuna anayeweza kusema hamkujua tunachohitaji. Hesabu mlipewa kwa maandishi kabla ya kununua: data terabaiti 4, nakala kamili mbili, 8, mabadiliko ya kila siku gigabaiti 80 kwa siku 30, yaani terabaiti 2.4. Jumla 10.4, na ukiacha sehemu moja ya tano wazi unafika 13. Diski 4 za terabaiti 8 zikipangwa jozi mbili zinatoa 16, ambazo seva inazisoma kama 14.5 hivi kwa sababu inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Zinatosha. Muuzaji wenu akasema jozi ni kupoteza nusu ya pesa, afadhali aziunganishe zote zifike 32. Zikiunganishwa hivyo, diski moja ikifa zote nne zimekufa. Huyo ndiye mnayemweka kushauri watu kuhusu bekapu!

Na kilichotuleta kaunta siku hiyo ni kosa lenu pia. Diski mliyotoa badala ya ile iliyokufa ilikuwa ya SMR, zile ambazo njia zake za kuandikia zinalaliana kama vigae vya paa. Kwa faili za kawaida haina neno. Kwenye kujaza upya jozi, sehemu yake ya akiba hujaa, kisha kasi inaporomoka. Diski ya CMR, ambayo njia zake hazilaliani, ya ukubwa huo, kwa megabaiti 150 kwa sekunde, humaliza kwa saa 15 hivi. Hii yenu ilichelewa kujibu hadi kidhibiti, kinachoendesha diski za seva, kikaihesabu imekufa na kuitoa kwenye jozi. Invoisi yetu imeandikwa CMR. Isomeni.

Kazi yenyewe si ngumu. Unasoma afya ya diski iliyobaki, hasa sekta zilizohamishwa, yaani vipande vilivyoharibika ambavyo diski imeviwekea vingine vya akiba. Unainakili sekta kwa sekta kwenye diski ya tatu kabla ya kugusa chochote. Unalinganisha namba za seriali. Kisha unaiongeza ile mpya kama mwanachama wa jozi iliyopo. Huundi jozi mpya. Fundi wenu hakufanya hata moja, na alipoambiwa amegeuza, mwenye kuambiwa akae kwenye kiti akawa mteja. "Fundi ni yeye, si wewe." Kwa kasi ile, kila asilimia moja ni kama dakika 9. Yaani msimamizi alikuwa na karibu nusu saa ya kutazama namba mbili tu, akachagua kuninyamazisha huku data yetu ikifutwa mbele ya macho yake.

Data ya sasa ipo kwenye seva kuu. Zilizopotea ni nakala za kufunga hesabu za kila mwezi, na Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

Tunataka diski mbili mpya za CMR, zisizotoka toleo moja la kiwanda, na tunataka kurudishiwa ada ya ufundi. Gharama ya kuokoa data kwenye maabara tutakayochagua sisi ni yenu pia. Msimamizi huyo aombe radhi kwa maandishi. Na ile diski ya kwanza iliyokufa bado mnayo! Ina hesabu za wateja wetu. Irudisheni ikiwa haijafunguliwa, la sivyo mtaieleza Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019.

Mna siku 7. Zikipita bila jibu la maandishi, tunafungua kesi Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, ambayo husikiliza madai hadi KSh 1,000,000, na tunapeleka malalamiko Mamlaka ya Ushindani Kenya. Picha za skrini, zenye namba za seriali na saa, tunazo. Msitupigie simu. Andikeni.

Wenu mwaminifu,
Msimamizi wa Mifumo ya Kompyuta