Stima ya kazi tunalipa sisi na kodi yake bado tunakatwa

Mhariri,

Naomba nafasi niongee juu ya sisi tulioajiriwa lakini kazi tunafanyia nyumbani, manake kila mwaka mwezi wa sita ukikaribia na watu wanakimbizana na iTax, ule mtandao wa serikali wa kupelekea ritani za kodi, wenzangu wananiuliza swali lile lile, eti hii pesa ya intaneti na tokeni za stima tunaidai wapi ili ipunguze kodi? Jibu ni kwamba hakuna mahali. Fungua ritani ya mtu aliyeajiriwa uitafute, utapata pa kuweka pensheni, utapata riba ya mkopo wa nyumba unayoishi, bima pia iko, lakini gharama za kufanyia kazi nyumbani hazina hata laini moja.

Sheria yenyewe ndiyo iko hivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, kifungu cha 15 kinaruhusu mtu kutoa gharama alizotumia kutafuta mapato yake kabla hayajatozwa kodi, halafu kifungu cha 16 kinasema pesa ya kujitunza wewe, familia na nyumba yako haitolewi. Basi stima ya nyumbani yote inahesabiwa ni ya kupiga nguo pasi na kutazama runinga, hata kama tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni kilichokuwa kinakula zile tokeni ni laptopu ya kampuni na ruta.

Machi 2020 tulipoombwa wanaoweza wafanyie kazi nyumbani tulikubali bila maneno, korona ilikuwa imeingia na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza nani atalipa nini. Lakini korona ilipita na kuna kampuni ziliona raha ya mambo hayo, zikarudishia mwenye jumba orofa mbili tatu, meza zikauzwa, na sisi tukabaki huku huku. Sasa angalia kilichotokea hapo. Kampuni ikilipa rent, stima na intaneti ya ofisi, zile ni gharama za biashara, inazitoa kwanza ndipo inatozwa 30% ya faida iliyobaki. Mimi nikilipa stima ya kazi ile ile, nalipa na mshahara ambao PAYE, ile kodi ya mshahara, imeshapita, SHA ya bima ya afya imeshapita, ushuru wa nyumba umeshapita, na hakuna mtu popote anayeitoa kwenye hesabu. Gharama ni ile ile, imehamishwa tu kutoka kwa mtu anayeruhusiwa kuitoa ikaletwa kwa mtu asiyeruhusiwa. Na anayefanya kazi kama yangu lakini amejisajili kama biashara, yeye akiwa na risiti zake za eTIMS, zile za kielektroniki zinazotambuliwa na watu wa kodi, anadai ile sehemu ya intaneti inayohusu kazi. Sisi wawili tunaweza kuwa kwenye mkutano mmoja mtandaoni, tunaandikia mteja mmoja, yeye anadai na mimi sidai.

Sasa kuna jambo watu hawalijui na linawaumiza, nalo ni hizi alawansi. Kwetu tulilalamika weee mpaka tukaongezewa elfu tatu kwa mwezi, ikaitwa alawansi ya kufanyia kazi nyumbani. Peslipu ilipokuja tukaona ile elfu tatu imeunganishwa na mshahara, na kwa mtu anayelipwa elfu themanini hivi hiyo nyongeza inaangukia pale kwa PAYE ya 30%, toa na 2.75% ya SHA, toa na 1.5% ya nyumba, unabaki na kama elfu mbili tu, kabla hata hatujaongea mambo ya NSSF, ile akiba ya uzeeni. Intaneti yenyewe ni elfu tatu. Kwa hivyo bado unaongeza yako.

Ukienda kwa HR usiombe alawansi, omba kampuni ilipe yenyewe. Tangu mwisho wa Desemba 2024 manufaa yasiyo ya pesa taslimu anayopewa mfanyakazi hayatozwi kodi mradi yasizidi 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mwezi, zamani ilikuwa 36,000. Akaunti ya intaneti ikiwa ya kampuni na bili inaenda kwa kampuni, na huna manufaa mengine yanayojaza hiyo nafasi, hukatwi kitu, na kampuni nayo inaiweka kwa gharama zake. Ama urudishiwe pesa uliyotumia, risiti mkononi, manake sheria inatambua kwamba pesa unayorudishiwa kwa sababu uliitumia kwa kazi peke yake siyo mshahara. Hapo kwa "peke yake" ndipo pagumu, intaneti ambayo watoto pia wanatazamia katuni utaielezaje? Ndio maana mimi naona njia ya kampuni kulipa yenyewe ndiyo salama zaidi.

Lakini hiyo inategemea roho ya bosi, na haki isitegemee roho ya mtu. Bunge liweke kiwango cha siku ambacho mfanyakazi anaruhusiwa kukitoa kwenye mapato kabla ya kodi. Ujerumani mfanyakazi anatoa yuro 6 kwa kila siku aliyofanyia kazi nyumbani, mwisho yuro 1,260 kwa mwaka, na haulizwi kama ana chumba cha ofisi. Afrika Kusini wao wanataka uwe na chumba maalumu kinachotumika kwa kazi peke yake na zaidi ya nusu ya kazi uifanyie humo. Tukiiga hiyo ya Afrika Kusini tumekwisha, maana kijana wa bedsita kule Nairobi, Roysambu au Kahawa West, hicho chumba atakitoa wapi, meza ya kazi ndiyo ya kulia na kitanda kiko hapo nyuma. Na ndiye anaumia kuliko meneja mwenye chumba cha ziada.

Najua Hazina watasema watu watadanganya. Watadanganya vipi kama siku zinaandikwa na mwajiri kwenye P9, ile fomu ya mwaka ya mshahara na kodi uliyokatwa? Mwajiri anajua nani alikuja ofisini na nani hakuja, na kiwango kikiwa kidogo na kina kikomo hakuna wa kutajirika nacho.

Mswada wa Fedha unafika bungeni kabla ya Aprili kwisha, halafu Kamati ya Fedha na Mipango inapokea maoni ya wananchi. Wafanyabiashara wanapeleka yao kila mwaka wakiwa na wahasibu na mawakili, sisi wa peslipu tunanung'unika kwa magrupu ya WhatsApp tu. Vyama vya wafanyakazi vilichukue hili jambo, na wewe unayesoma andika hata ukurasa mmoja, taja unalipa ngapi ya stima na intaneti kwa ajili ya kazi, uambatishe peslipu yako, upeleke.

Msomaji wenu,
Ruaka, Kiambu