Mdaiwa wa Pemba naye apewe mwongozo

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu niko skuli na sijawahi kukuandikieni. Lakini ile habari ya mwongozo wa kufilisika unaotolewa na kaunti moja ya Marekani nimeshindwa kuinyamazia. Mmeiandika kama kichekesho, eti watu wanafundishwa kukimbia madeni. Kule mtu akifungua shauri la kufilisika, wadai wengi wanatakiwa waache hapo hapo kumpigia simu, kumshitaki na kumkata mshahara. Sura ya 7 ya sheria yao inauza mali isiyolindwa na kufuta madeni mengi. Sura ya 13 inampa mwenye kipato miaka 3 hadi 5 alipe kidogo kidogo. Matunzo ya watoto hayafutwi. Na vyombo vya lazima vya nyumbani, kwa kiwango maalumu, haviguswi.

Hapo kwenye vyombo ndipo paliponichoma. Wifi yangu ni mshoni hapa Wete. Alikopa kwa hawa wakopeshaji wa kausha damu, wa riba kubwa, anunue vitambaa vya Sikukuu, mumewe akaugua, marejesho yakasimama. Wakaja asubuhi na gari, wakabeba friji, godoro na cherehani, hiyo hiyo anayoitegemea kulipia deni lao. Gauni la mteja lilikuwa bado liko chini ya sindano, upindo haujesha; wakakata uzi wakalitupa mkekani. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, akaitwa, akautazama mkataba wa Kiingereza, akasema sahihi ni ya wifi, yeye sheha hana la kufanya. Hapana aliyeuliza amri ya mahkama iko wapi! Nilipokwenda mwenyewe mahkamani kuuliza, karani akanambia nitafute wakili. Mtu aliyechukuliwa hata godoro, wakili atamlipa nini?

Na hawa wa mikopo ya kwenye simu ni balaa jengine. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni, lakini ujumbe wa kumtangaza mdaiwa bado unaingia kwa watu wasiohusika, mpaka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani wa watoto wake.

Mwaka 1934 hata serikali ya kikoloni hapa Zanzibar iliweka sheria kuzuia mashamba ya karafuu yasichukuliwe ovyo kwa madeni. Na aya ya 280 ya Suratul Baqara inataka mdaiwa mwenye dhiki asubiriwe mpaka afarijike. Tunaisoma, kisha tunabeba godoro la mtu.

Ninalotaka ni karatasi moja ya Kiswahili: nani ana haki ya kuchukua mali ya mdaiwa, kwa amri ya nani, kitu gani hakichukuliwi, na asiyeweza kulipa aanzie mlango gani. Ibandikwe kwa kila sheha, na bandarini Mkoani watu wanaposubiri boti. Isomwe redioni baada ya matangazo ya vifo, maana saa hiyo kila nyumba imefungulia. Na nyinyi mtumeni mwandishi mahkamani Chake Chake aulize masuala hayo hayo, mchapishe majibu kama atakavyopewa.

Msomaji,
Wete, Pemba