Risala ya Wanafunzi wa Uhandisi Wanaozungumza Kiswahili, Texas, kwa Mgeni Rasmi Katika Hafla ya Kuwaaga Wahitimu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wahadhiri,
Wazazi na walezi,
Wahitimu wetu,
Ndugu zetu wa tawi la wanafunzi la SHPE, chama cha wahandisi Walatino,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha jioni hii. Tunakushukuru na wewe, Profesa wetu, kwa kukubali mwaliko katika kipindi ambacho tunajua meza yako imejaa mitihani ya kusahihisha. Tulikuwa na sababu mbili za kukualika. Ya kwanza, wewe ni wa kwetu, na wahitimu hawa walitaka kuagwa na mtu atakayewapa nasaha kwa Kiswahili. Ya pili, unakaa katika vikao vinavyoamua nani aajiriwe kufundisha uhandisi na nani apokelewe kusomea shahada ya uzamivu. Risala yetu inahusu vikao hivyo, na uchache wa Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, katika uhandisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wanafunzi kutoka Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi. Wapo waliokuja kwa viza ya masomo, na wapo waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wakaletwa Texas na wazazi wao wakiwa wadogo. Wengi tulianzia vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili, kwa sababu ada yake inabebeka. Huko ndiko tulikojuana na Walatino, vijana wenye asili ya Meksiko, El Salvador, Honduras, Kolombia na kwingineko. Walitupa lifti mahali ambapo basi halifiki, wakatuazima vitabu, tukakesha nao tukitafuta jibu la swali moja la kalkulasi. Leo tunahitimu, na tukitazama nyuma tunaona wengi wa wenzetu hao waliachwa njiani. Akili walikuwa nazo, tena baadhi yao ndio waliotufundisha sisi. Ndiyo maana tumeona si haki kuandaa risala ya furaha yetu peke yetu.

Walatino ni zaidi ya milioni 65 nchini Marekani, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano. Hapa Texas ndilo kundi kubwa kuliko yote, kama asilimia 40 ya wakazi. Karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa ujenzi wa nchi hii ni wao. Lakini ukihesabu maprofesa wa uhandisi nchi nzima, Walatino hawazidi sana asilimia 4. Mikono inayomwaga zege ni yao, na mikono inayofundisha zege darasani si yao.

Tuliliona jambo hili kwa macho yetu mwezi Aprili, siku maabara ilipofunguliwa kwa wazazi. Silinda ya zege iliyokwisha kukaa siku 28 iliwekwa kwenye mashine ya kubana, ikapasuka mapema mno, kabla ya kufikia nguvu iliyotarajiwa. Mhadhiri akawauliza wanafunzi sababu. Kimya. Baba mmoja, fundi wa zege mwenyeji wa Jalisco, akaokota kipande, akakisugua kwa kidole gumba, akasema kwa Kihispania huku binti yake akitafsiri: maji yalizidi, na hapa pembeni hawakushindilia, tazameni matundu. Mhadhiri akafungua daftari la uchanganyaji, akakuta maji kweli yalipita kipimo. Binti yule yuko mwaka wa pili wa uhandisi ujenzi. Mpaka siku ile alikuwa akituambia kwamba kwao hakuna anayejua chochote kuhusu masomo yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaamini profesa aliyelelewa katika nyumba kama ile angeanza somo la zege na elimu ya yule baba, na binti asingesubiri mwaka wa pili kujua kwamba uhandisi umo nyumbani kwao. Hatusemi kwamba Mlatino afundishwe na Mlatino tu. Sisi wenyewe tumefundishwa vizuri na watu wa kila asili. Tunachosema ni kwamba idara ambayo haina hata mmoja inakosa maarifa yaliyojaa mtaa wa pili.

Wanapotelea wapi? Wengine hukosa njia kabla hata ya kufika chuoni. Shule nyingi za sekondari za Marekani hazifundishi kalkulasi kabisa, na zile zenye wanafunzi wengi Walatino na weusi ndizo zilizo nyuma zaidi. Anayeingia uhandisi bila kalkulasi huanza na masomo ya kufidia, na ratiba ya miaka minne inavunjika tangu muhula wa kwanza. Wengine hupotea wakati wa kuhama kutoka chuo cha jamii, pale chuo kikuu kinapokataa kutambua masomo waliyokwisha kufaulu. Mwenzetu mmoja alilazimika kurudia mekanika na saketi za umeme, masomo aliyokuwa amepata alama A. Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ina kikomo cha mihula 12 katika maisha ya mwanafunzi, na mihula ya kurudia inahesabiwa humo humo. Mwenzetu huyo sasa anapanga mizigo kwenye ghala usiku. Kabla hajaacha masomo, saa mbili asubuhi alikuwa akiingia darasani na fulana yake ya kung'aa ya kazini, hakuwa na nafasi ya kupita nyumbani kuibadilisha. Mwishowe hakuja tena.

Yapo yanayofanya kazi, na tungependa uyasikie. SHPE, chama kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1974, kina matawi ya wanafunzi katika vyuo vingi, na tawi la hapa limetupokea kama wanachama kamili. Pamoja nao tunaendesha vikundi vya kufundishana, mtindo ambao muungano wa vyuo wa CAHSI, unaoongozwa kutoka El Paso, umeueneza katika masomo ya kompyuta. Kiongozi wa kikundi ni mwanafunzi aliyefaulu somo hilo muhula uliopita, na sharti lake la kwanza ni kutoshika kalamu ya ubao. Kalamu anapewa yule aliyenyamaza. Anachora boriti, anaweka mishale ya nguvu, anakosea upande wa mshale mmoja. Wenzake wanamwuliza maswali mpaka anaugeuza mwenyewe. Polepole sana, na wakati mwingine saa nzima inaisha kwa swali moja. Lakini waliopita mikononi mwa vikundi hivi tunawajua kwa majina, na baadhi yao wamekaa viti vya mbele leo wakiwa na majoho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, neno la mwalimu mmoja lina uzito kuliko mabango yote ya chuo. Ellen Ochoa, mwanaanga Mlatino, alipokuwa mwanafunzi, alikwenda kuulizia uhandisi wa umeme akakatishwa tamaa na profesa wa idara hiyo. Profesa wa fizikia ndiye aliyempokea vizuri, naye akasoma fizikia. Baadaye alirudi kwenye uhandisi wa umeme, akapata shahada ya uzamivu Stanford mwaka 1985, na mwaka 1993 akawa mwanamke wa kwanza Mlatino kwenda anga za juu. Kuanzia 2013 hadi 2018 aliongoza kituo cha NASA cha Johnson, hapa hapa Houston. Ni wangapi waliambiwa maneno kama yale, wakaondoka, na hawakuwa na mlango wa pili wa kubisha?

Upande wa pili yupo Richard Tapia, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Rice, mtoto wa wahamiaji kutoka Meksiko. Yeye naye alianzia chuo cha jamii, huko Los Angeles. Alifika Rice mwaka 1970, mwaka 1992 akachaguliwa kuingia Akademia ya Taifa ya Uhandisi, na mwaka 2011 akavishwa Nishani ya Taifa ya Sayansi Ikulu ya Marekani. Pamoja na heshima hizo zote, aliifanya kazi ya kuwalea wanafunzi wa uzamivu, Walatino, weusi na wanawake, kuwa sehemu ya kazi yake ya hisabati. Profesa mmoja wa namna hiyo anazaa maprofesa.

Tunajua mazingira yamebadilika. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilizuia vyuo kutumia asili ya mtu katika udahili. Tangu Januari 2024 sheria ya Texas imefunga ofisi za utofauti na ujumuishi katika vyuo vya umma. Septemba 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ikatangaza kusitisha sehemu kubwa ya ruzuku za vyuo vyenye wanafunzi wengi Walatino, vile ambavyo angalau robo ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza ni Walatino. Tumehuzunika, hatufichi. Hata hivyo, tunayokuja kukuomba hayavunji sheria yoyote, na kila mwanafunzi, awe wa asili gani, atafaidika nayo.

Tunakuomba utusemee ili idara ikubaliane kwa maandishi na vyuo vya jamii vya jirani kuhusu masomo yatakayotambuliwa, mwanafunzi ajue kabla hajalipa ada. Tunaomba nafasi za utafiti za wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili ziwe za kulipwa, maana kijana anayesaidia kodi ya nyumba hawezi kujitolea bure maabarani, na asiyegusa utafiti hafikirii kusoma uzamivu. Tunaomba nafasi za uhadhiri zitangazwe hadi kwenye vyuo na vyama ambako Walatino wenye shahada za uzamivu wako wengi, badala ya kuishia kwa marafiki wa wajumbe wa kamati. Na mhadhiri anayekesha akilea wanafunzi, kazi hiyo ihesabiwe anapoombewa ajira ya kudumu na kupandishwa cheo. Kwa sasa wachache waliopo wanabeba mzigo huo wa wanafunzi wote wanaowakimbilia, halafu siku ya tathmini wanaulizwa machapisho tu.

Sisi kwa upande wetu tunaendelea na vikundi vya kufundishana kila Jumamosi, na kuanzia muhula ujao tutavipeleka kwenye chuo cha jamii tulikotoka. Tunaomba utupatie chumba na kalamu za ubao.

Nakala ya risala hii kwa Kihispania wamepewa ndugu zetu Walatino pamoja na wazazi wao waliohudhuria.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kamati ya wanafunzi, na kusomwa mbele yako na Katibu.