Mhariri, hilo ua la dola tano limetoka milimani kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua mmezoea barua za barabara mbovu na maji kukatika, na hii yangu ni ya maua, hasa ua moja la milima yetu ya Usambara linalouzwa madukani huku Marekani, ila nivumilie kwanza maana ina ombi na ombi lenyewe linawahusu watu wa Tanga, hasa wale wa milimani.

Mimi mstaafu, miaka 68, mzaliwa wa Soni kule Lushoto. Nimehudumia wazee kwenye nyumba za wazee hapa Saint Paul, jimbo la Minnesota, mpaka mgongo ukasema basi. Siku hizi kazi yangu ni kliniki, kumpeleka mjukuu shule, na maua. Vyungu ninavyo 23. Kuanzia mwezi wa tano vinakaa nje nyuma ya nyumba vinanenepa na jua, ikifika Oktoba lazima vyote viingie ndani, na siku ya kuviingiza huipangi wewe, inapanga baridi.

Wiki iliyopita mjukuu kaja na simu yake, "babu, kesho usiku inashuka mpaka 28." Huku wanapima kwa Fahrenheit, maji yanaganda kwenye 32, kwahiyo 28 kwa vipimo vyetu ni kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Sisi watu wa Lushoto tunajionaga tunaijua baridi, ule ukungu wa Juni na Julai mtu anashinda na koti mpaka saa tano, lakini jamani ile ni utani tu. Mi nilifika huku Agosti 1991, na Oktoba 31, siku ambayo watoto wa huku wanavaa kama mizimu wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, theluji ikaanza kudondoka haikukata mpaka tarehe 3 Novemba, ikapita sentimita 70, magari ya watu yamefukiwa hata huyaoni. Nikakaa kitandani napiga hesabu ya nauli ya kurudi. Tangu hapo nikiambiwa kesho baridi siulizi mara mbili.

Basi siku ile nikatoka saa mbili asubuhi, mambo yangu nimeyaandika nyuma ya bahasha. Kwanza duka la dawa, nikachomwa sindano ya mafua, hiyo wazee tunachomwa kila mwaka kabla ya winta. Kutoka hapo garaji wakaangalie betri na maji ya redieta yale ya kutoganda, maana betri chovu huku inakufa asubuhi yenye baridi kali kuliko zote, haifi Julai hata siku moja, nikakaa pale kwenye viti vya plastiki saa nzima na nusu nanywa kahawa ya bure ambayo hata bure ni ghali. Halafu duka la vifaa, chujio jipya la hita ya nyumba na mfuko wa udongo wa maua, kijana akanibebea mpaka kwenye buti akaniita "bwana" nikajisikia mtu.

Sasa pale pale mlangoni mwa duka, Mhariri, kuna meza. Juu ya meza vikopo vidogo kama ishirini hivi, kila kimoja kina kaua, majani ya mviringo yana manyoya laini kama sikio la mtoto wa mbuzi, maua zambarau, mengine pinki, mengine meupe, dola tano na ushee. Nikachukua kimoja nikageuza kile kikaratasi. Kimeandikwa usilimwagie maji mengi, liweke dirishani lisipigwe na jua kali. Limetoka wapi, kimya. Nikamwambia dada wa kaunta hili ua ni la kwetu, milima niliyozaliwa mimi, akasema "ooh, zuri" akaniuliza nalipa keshi au kadi.

Na mimi sina haki ya kumcheka yule dada maana nilikua hivyo hivyo. Kuna bibi mmoja wa Kizungu nilimhudumia miaka ya tisini, dirishani kwake amepanga haya maua kama kumi, kila asubuhi ananituma maji ya vuguvugu, anasisitiza ya vuguvugu, ukiyamwagia maji baridi juu majani yanatoka madoa. Siku moja akaniambia haya maua asili yake Tanzania. Nikajua ni uzee unaongea. Jumamosi yake nikaenda maktaba kuhakikisha, nikakaa pale mdomo wazi.

Kumbe mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani pale Tanga, jina lake Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaokota haya maua akapeleka kwa baba yake Ujerumani, yakafika kwa mtaalamu wa mimea Hermann Wendland kule Hannover, na 1893 yule mtaalamu akayapa jina Saintpaulia, la yule mtawala na baba yake. Kutoka hapo yakasambaa dunia nzima. Wajerumani mpaka leo wanaliita urujuani wa Usambara, angalau wao wametaja mlima, Wamarekani wanasema tu urujuani wa Afrika, Afrika yote hiyo. Na cha kuchekesha mi naishi Saint Paul, ila huu mji hauhusiani na yule Mjerumani, jina limetoka kwenye kanisa dogo la magogo alilojenga padri mmoja 1841 akaliweka chini ya Mtume Paulo, kabla ya hapo watu walikua wanapaita Jicho la Nguruwe. Padri alifanya la maana, fikiria kuandika hiyo anwani kwenye bahasha.

Nikanunua, ndio. Nina saba ya hivyo tayari nikanunua la nane, mama watoto alivyoniona naingia nalo hakusema kitu, aliguna tu.

Mchana wote ikawa kuhamisha. Kabla ya kuingiza chungu lazima ukigeuze geuze uangalie chini ya majani kama kuna vidukari au utitiri, unaosha kwa maji ya sabuni, ukiruka hiyo kazi ifikapo Desemba nyumba nzima imeambukizwa. Mshubiri ukaingia, asumini ikaingia, pilipili kichaa. Mchaichai ndo ulionitoa jasho, chungu chake kizito kama gunia, nilipewa na mama jirani yangu, Mhmong, hao ni watu wenye asili ya Asia, hapa mjini Wahmong ni wengi sana, yeye anaupika na kuku mimi nauweka kwenye chai na kila mmoja anamuonea mwenzake huruma. Mjukuu akashika upande mmoja mimi upande mwingine, ngazi za kushuka besimenti tukazishuka moja moja tunapumzika, ananiambia "babu si ununue tu majani ya chai?" Mdimu nimeuotesha kwa mbegu, una miaka 11 haujawahi kunipa hata ndimu moja, kila mwaka nasema mwaka huu nauacha nje ujifunze adabu, kila mwaka naubeba. Sukuma wiki ndo nimeiacha bustanini, yenyewe baridi ikiigonga inazidi utamu.

Ila maua ya Usambara hayajui kiangazi wala winta, yanakaa ndani mwaka mzima, dirisha la upande wa mashariki, yanataka joto la wastani na unyevu na kivuli, yaani hali ya msitu wetu ule. Kwenye asili yake yanajishika kwenye mawe yenye kivuli karibu na maji. Nimesoma aina mojawapo wataalamu waliipa jina la Shume, nyingine Magunga, nyingine Tongwe, nyingine Amani, na kwamba porini yanazidi kupungua kwa sababu misitu inakatwa, kivuli kikiondoka nayo yanakauka.

Ndo nakuja kwenye ombi. Mwaka juzi alinitembelea kijana wa ndugu yangu, msomi, amekulia Lushoto, nikamwonyesha dirishani akaniambia "baba mkubwa, haya ya Kizungu yanapendeza". Simlaumu, nani alimwambia? Mhariri, tuma mwandishi wako na kamera aende Amani au Magamba na watu wa misitu wamwonyeshe, mlitoe ukurasa mzima na picha ya rangi. Na vijana wanaouza plamu na peasi pale Soni na Mombo wangeweza kuuza na hili, bila kung'oa hata mche mmoja msituni maana jani moja tu ukilichomeka kwenye udongo wenye unyevu linaotesha mche mwingine, haya yangu nane yametoka kwenye mawili, ukitoa hilo la juzi. Wageni wanapita pale na hela zao wanarudi kwao kulinunua dukani.

Usiku ule ilishuka kweli, asubuhi majani ya maboga ya jirani yamekua meusi kama yamemwagiwa maji ya moto.

Na ombi la pili ni la kwangu binafsi. Mama yangu alikua na jina la hili ua kwa Kisambaa, nakumbuka tukikata majani ya mbuzi kule mtoni analitaja, anatukataza tusilikanyage, na jina lenyewe limenitoka kabisa, nimeshapiga simu kwa dada zangu nao wanabishana. Kama yupo msomaji wa Shume au Bumbuli au popote kule anayelijua naomba aliandike hapa hapa gazetini, mi nalisoma kwenye simu kila siku.

Mstaafu wa Soni,
Saint Paul, Minnesota