Beseni moja, mikono 86: wito wa harambee ya chekechea yetu

Wazazi, walezi, majirani na marafiki wote wa chekechea, salaam nyingi. Naandika kwa niaba ya kamati na niseme tu ukweli, naandika kwa aibu kidogo, maana juzijuzi tu tulipiga hodi kwenu kwa ajili ya paa na mlitoa, Mungu awazidishie, leo mvua ikinyesha watoto wanaendelea kuimba badala ya kubanana kona moja na mikeka yao. Sasa tumerudi tena. Mtusamehe, ila someni kwanza.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu kukaa darasani. Saa nne watoto wakapanga foleni kunawa kabla ya kula. Watoto 43, beseni moja, taulo moja. Wa kwanza kanawa vizuri, kufika wa kumi maji yashakuwa tope. Mwisho kabisa wa foleni kulikuwa na kabinti ka miaka 3, kakachungulia beseni, kakaficha mikono nyuma, kakasema "mi yangu misafi". Mwalimu akakashika akakanawisha hivyo hivyo kwa sababu ndo sheria. Mimi nimesimama pale nikaona mtoto ndo yuko sahihi, mikono yake ilikuwa misafi kuliko yale maji, sisi wakubwa ndo tulikuwa tunamchafua.

Kunawa beseni moja si kunawa jamani, ni kugawana. Aliyetoka chooni, mwenye macho mekundu, mwenye tumbo la kuhara, wote wanaacha chao mle alafu mikono hiyo hiyo inaenda mdomoni. Mwezi uliopita kuhara kulipita darasani, siku moja wakafika watoto 19 tu, na katika hao wawili wakaanza pale pale, mwalimu akawa anakoroga pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi anawanywesha kidogo kidogo kwa kijiko huku wengine wanamvuta gauni. Zahanati waligawa na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, na wengine wetu tuliacha siku ya tatu eti mtoto kashapona, tusidanganyane. Na wewe unayemnywesha mtoto dawa ya homa asubuhi ili alale kimya darasani, tunakujua, dawa ikiisha nguvu saa tano mwalimu ndo anabaki na joto la mtoto wako na watoto wengine 42 pembeni yake.

Jumamosi kina baba wachache walijitolea wakatengeneza vibuyu chirizi viwili, galoni ya lita 5 yenye tundu, kamba na kijiti cha kukanyaga, maji yanachuruzika mtoto hagusi kitu. Watoto wameipenda mno, wanaimba wimbo wao wa kunawa mara mbili zikifika sekunde 20 kwa sabuni. Shida ni kwamba wameipenda mno, kamba moja ishakatika kwa kugombaniwa. Kwa hiyo tunataka tanki na mabomba ya kudumu, na yawekwe chini kwa kimo chao, sio mpaka watoto wabebwe kama mabegi ndo wayafikie.

Jambo la pili ni jiko, nalo linaninyima usingizi kuliko hata beseni. Sufuria linachemka hatua chache tu kutoka wanapochezea. Mpishi wetu kachora mstari wa chaki sakafuni, asivuke mtu. Jamani, mtoto wa miaka 3 na mstari wa chaki! Mpaka leo hajaungua mtu, ni Mungu tu. Tunaomba ukuta na mlango wenye komeo.

Tatu, chakula chenyewe. Tumbo la mtoto ni dogo, hata umshibishe vipi asubuhi haimfikishi mchana, ndo maana mlo wa saa nne sio anasa. Mhudumu wa afya alipita na ule utepe wa kupima unene wa mkono, chini ya sentimita 12.5 unasoma njano, yaani utapiamlo wa wastani, chini ya 11.5 nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kati ya wetu walio chini ya miaka 5, wanne walisoma njano. Nyekundu hakuna, tunashukuru. Wazazi wao wameshaambiwa kimyakimya na kamwe majina hayatatajwa hapa, msiulize.

Hesabu yote iko kwenye karatasi kwa mwalimu mkuu, hapa sitaki namba ziwatishe. Kila atoaye anaandikwa kwenye daftari na kupewa risiti, matumizi yatabandikwa mlangoni kila Ijumaa, na mweka hazina hatoi hela bila sahihi za watu wawili. Asiye na hela alete sabuni, au kikombe cha mtoto wake chenye alama yake, au siku moja ya kusaidia fundi.

Na wale ndugu zangu wa tiki za buluu, mnasoma, mnaweka vile viganja vya sala, mnapotea. Sala tunazipokea kwa mikono miwili, lakini ziacheni na kitu juu yake. Mweka hazina anakaa getini kila siku muda wa kuchukua watoto, ana daftari jekundu. Na beseni tumeshalitoa darasani, sasa hivi lina nguo za mpishi.