Nani kawaambia Dodoma haina washairi?

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka nenda rudi bila kuwasumbua, hata pale mlipochapa majibu ya fumbo la wiki nyingine. Ile orodha ya vitabu vya kusoma kabla ya uzee ndiyo imenishinda. Riwaya tupu! Kisha mwandishi wenu akamalizia kwamba Kanda ya Kati imejaliwa zabibu na ngoma, fasihi waachiwe watu wa pwani.

Sina ugomvi na pwani. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi nimeisoma mpaka jalada limebanduka, na yule Yasmin aliyeozwa kwa mzee Raza namjua kuliko jirani zangu. Kusadikika ya Shaaban Robert naiheshimu, ingawa wajumbe anaowasimulia Karama hunichosha: kila anayerudi safarini anaishia gerezani. Kezilahabi mmemtaja kwa Rosa Mistika tu, wakati Kichwamaji inaipita mbali. Na Kichomi, mashairi yake ya 1974 yasiyofuata vina wala mizani, mmeyaruka. Mimi ni mtu wa vina, nilikifungua kitabu kile nimenuna, lakini yamo mashairi mle ambayo hayajanitoka kichwani.

Sasa Mnyampala! Mathias Mnyampala, Mgogo, mzaliwa wa 1917 wa huku huku kwetu, aliyeandika historia na mila za Wagogo ikachapwa 1954. Ndiye aliyeikuza ngonjera hadi ikaingia mashuleni nchi nzima, watoto wakijibizana jukwaani na wazazi wakipiga vigelegele. Ngonjera za Ukuta ilitoka 1970, mwenyewe kafariki mwaka uliotangulia. Huyo ndiye mliyemfuta kwa sentensi moja ya zabibu! Nilikwenda duka moja la vitabu hapa mjini kuulizia diwani yake. Kijana akaniuliza, "Kidato cha ngapi, mzee?" Nikamwambia si cha kidato, nataka kusoma mwenyewe. Akaduwaa, akanyoosha kidole kwenye rafu ya Biblia. Rafu nyingine zote zilikuwa vijitabu vya maswali na majibu, vile ambavyo mjukuu wangu huvimeza usiku wa kuamkia mtihani, akapata alama nzuri za riwaya ambayo hajawahi kuishika.

Na hawa washereheshaji wa harusi nao! Mtu anavuta pumzi, anapaza sauti, anataja majina ya bwana na bibi harusi mara nane, kisha anatangaza kwamba hilo lilikuwa shairi. Ukumbi mzima unatunza.

Ukurasa wenu wa michezo una matangazo mawili ya kubeti. Ondoeni la chini kushoto, muweke beti tano kila Jumamosi. Mwandishi wenu naye akariri ngonjera moja, aende Nyerere Square akajibizane na mtoto wa darasa la nne mbele za watu. Nauli ya daladala nitamlipia.

Fundi cherehani,
Majengo, Dodoma